Uzi wa Mkono wa Kushoto

Usinitolee macho sasa. Wakati wa kutoa macho ulikuwapo, nawe ukautumia kutazama dari.

Jumamosi ile, saa tisa alasiri, sebule ya mama yake mpima macho ilikuwa na watu watano. Mmoja wao ni wewe. Kama si wewe, basi ni mtu aliyekaa mahali ambapo ungekaa wewe kama ungezaliwa katika ukoo ule: mtu anayejua yote, anayependwa na pande zote, na ambaye akiulizwa neno hukumbuka ghafla kwamba kuna ujumbe kwenye simu haujasomwa. Siku hiyo alikuwa binamu. Nawakumbuka wengine wengi wa aina yake, maana mimi sisahau. Kila posa iliyovunjwa niliyowahi kuisikia ilikuwa na mtu mmoja kama huyo, kimya, sahani mapajani, akitafuna taratibu ili mdomo uwe na kazi.

Basi tafuna. Lakini leo utasikiliza.

Mama alikuwa kwenye kochi la dirishani, amejitanda shali. Shali yenyewe ilikuwa ya mistari mipana, mmoja wa rangi ya maziwa, mmoja wa kijivu cha moshi, na tangu apewe, wiki tatu zilizopita, alikuwa haivui ila kwa kuoga. Mabega yake yalikuwa na baridi ya mifupa ambayo madaktari watatu waliipa majina matatu na dawa moja. Dawa ilishindwa, shali ikaweza. "Mwanangu kanifuma upya," aliwaambia majirani, na majirani wakaja kuipapasa.

Mpima macho alikaa mkabala naye, akihesabu saa. Si saa za siku hiyo, bali za kesho. Kesho Jumapili, saa nne asubuhi, mtu angebisha hodi akiwa na mjomba wake, amevaa suti ya kahawia ya kuazima, aseme lililomleta. Familia ilijua mgeni anakuja. Haikujua ni nani. "Mtamwona," ndilo jibu walilopewa mwezi mzima. Mpango wake ulikuwa huu: mama aizoee shali kwanza, aizoee mpaka usingizi usije bila hiyo. Halafu, mgeni akishakaa na kushika kikombe, aambiwe: mama, nusu ya hiyo shali ni kazi ya mikono ya huyu. Nani atamfukuza mtu ambaye amemkumbatia wiki tatu nzima?

Ulikuwa mpango wa kitoto. Lakini aliyependa ni mtoto, hata akiwa na miaka thelathini na nne.

Walikutana kwa sababu ya harufu. Yeye alifanya kazi kwenye duka la miwani, chumba cha nyuma, penye kiti kirefu na mashine ya kuwekea kidevu. Miaka miwili nyuma aliingia mwanamume mrefu mwenye gambuti zilizosuguliwa mpaka zinang'aa, akasimama mlangoni kama anayeomba msamaha mapema. Wateja wawili walihama benchi. Kwenye mfuko wa shati lake palishonwa jina la kampuni ya malori ya kunyonya vyoo. Mtaani alikuwa na jina moja tu: Bomba.

"Weka kidevu hapa," mpima macho alimwambia, akamshika taya kumweka sawa. "Tazama taa. Usipepese."

Akatazama. Hakuna watu wanaotazamana kwa karibu kuliko mpimaji na mpimwaji, lakini kule ni kutazamana kwa kazi. Kazi ikiisha kila mtu huchukua macho yake akaenda zake. Siku ile kazi iliisha na macho yakabaki palepale.

"Dada," Bomba alisema polepole, kidevu bado kwenye mashine. "Samahani. Unanuka kondoo."

"Wewe ndiye wa kuniambia mimi nanuka?"

"Pua yangu ina uzoefu wa miaka kumi na moja. Kondoo, tena wa kuloweka. Nimekosea?"

Hakukosea. Alfajiri ile, kabla ya kwenda kazini, mpima macho alikuwa ameloweka sufu kwenye beseni. Mapenzi yake yalikuwa hayo: kijiti chenye kisahani cha mbao, na nyuzi. Alikizungusha kijiti kikaning'inia hewani kikicheza kama pia, huku vidole vikivuta manyoya kidogokidogo mpaka yakawa uzi. Nyumbani waliuita ugonjwa. Alikuwa ameanza na pamba, akahamia karatasi za magazeti, akajaribu nywele za paka wa jirani mpaka jirani akadhani paka wake anarogwa. Sasa alikuwa kwenye sufu, na sufu huja kama ilivyotoka mgongoni mwa kondoo.

"Na mavi yake?" Bomba akauliza.

"Na mavi yake."

"Unayaosha mwenyewe? Kwa mikono?"

"Kwa mikono. Napenda tu. Hakuna aliyenituma."

Bomba akacheka mpaka mashine ikatikisika. "Kwa hiyo mimi nikishika mavi ni mchafu. Wewe ukishika una kipaji."

Mpima macho alifungua mdomo kumjibu, akajikuta anacheka naye, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Wenzake waliletewa maua. Yeye aliletewa magunia. Lori la Bomba lilifika kila mahali penye choo, na mahali hapo ni kila mahali. Alileta sufu kutoka kwa mfugaji aliyekuwa akiichoma moto. Alileta sufi, ile inayopasuka kutoka kwenye maganda na kupeperuka, laini kuliko shavu la mtoto, lakini fupi na yenye kuteleza kama kambare. Ilikatika mara kumi, mara ishirini, mpaka wakagundua kuichanganya na sufu kwa brashi mbili za kuchania mbwa, wakaiviringisha vimisokoto vidogo na kuivuta bila haraka. Alileta vifuko vya hariri vilivyotobolewa na wadudu wake, vilivyotupwa. Hariri hunasa kwenye mkono wenye sugu. Bomba alizisugua sugu zake kwa jiwe siku tatu, hasemi kwa nini, na siku ya nne akanyoosha viganja mbele ya mpima macho kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha.

"Sasa je?" aliuliza. "Itanasa?"

Kilichonasa siku hiyo hakikuwa hariri.

Walikutana uani nyuma ya duka la miwani, saa ya mapumziko ya mchana, yeye kwenye kreti la soda, Bomba kwenye ndoo iliyopinduliwa. Binamu alikuwa anauza vifaa vya simu duka la tatu kutoka hapo. Binamu aliyabeba magunia. Binamu alikula chakula chao na kufuta mikono kwenye sufu yao. Kumbuka hilo.

Bomba alijifunza kusokota kwa kumtazama, uso kwa uso. Ndani ya miezi minne uzi wake ulikuwa umenyooka kuliko wa mwalimu wake. Ndipo walipojaribu kuunganisha, uzi mmoja wa mwanamke na mmoja wa mwanamume, ziwe uzi mmoja imara. Mpima macho alipouzungusha kijiti, uzi wake ulifunguka ukarudi kuwa manyoya, na wa Bomba ukajikunjakunja kama nyoka aliyekanyagwa mkia.

"Uzi wako una ugomvi na wangu," mpima macho alisema.

"Haiwezekani. Nafanya unavyofanya wewe."

"Hebu sokota nikuone." Akamtazama mikono. "Aa, wewe! Unazungusha upande wa pili. Wewe ni wa mashoto."

"Ndiyo kwanza unagundua? Nimekushika mkono miezi minne."

Alikuwa amejifunza kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Nyuzi za mizunguko miwili haziunganiki; ukikaza mmoja unaufungua mwingine. Wakakubaliana kila mmoja asokote wake na kuuunganisha na wake mwenyewe, kisha wakutane kwenye sindano za kufumia: mstari wa maziwa, mkono wa kulia; mstari wa kijivu, mkono wa kushoto. Hivyo ndivyo shali ya mama ilivyozaliwa. Mpima macho aliamini hakuna mtu chini ya jua awezaye kuusoma uzi.

Alimsahau shangazi.

Shangazi, dada wa marehemu baba yao, alikuwa amewasili asubuhi ile kwa ajili ya ugeni wa kesho. Alikuwa mstaafu wa kiwanda cha mablanketi, mkaguzi wa nyuzi kwa miaka thelathini. Alikuwa amelala tangu afike. Alipoamka, akaja sebuleni, akasimama mbele ya kochi.

"Wifi, hebu nipe hiyo shali niione."

Mama akaivua shingo upande. "Usikae nayo sana. Mabega yangu hayana subira."

Shangazi akavaa miwani, ile aliyopimiwa na mpima macho mwenyewe, akaisogeza shali dirishani. "Sufu na sufi. Umechanganya. Nani kakufundisha?"

"Najaribu tu, shangazi. Imekatika mpaka nikalia."

"Sisi kiwandani tulishindwa na sufi. Tuliifanya mito." Shangazi akaipapasa tena, na uso wake ukalainika. "Hongera, mwanangu. Kweli hongera."

Mpima macho akainamisha kichwa ili asionekane anavyofurahi. Miaka mingi alikuwa akiitwa mgonjwa katika nyumba ile. Leo alikuwa amesifiwa na mtu anayejua. Raha hiyo ilidumu kwa muda wa kumeza mate mara mbili. Kisha kidole gumba cha shangazi kikasimama.

"Huu wa maziwa ni wako."

"Ndiyo, shangazi."

"Na huu wa kijivu?"

"Zote zangu."

Shangazi akatafuta ncha ya uzi wa maziwa kwenye pindo, akaishika kati ya vidole viwili, akaizungusha pole. Ikafunguka. Akashika ncha ya kijivu, akaizungusha upande uleule. Ikakaza.

"Nimerudisha nyuzi mbovu miaka thelathini," alisema. "Usinifunge kitambaa machoni. Aliyesokota huu wa kijivu ni mtu mwingine. Ni mtu wa mashoto."

"Nilibadilisha mkono, kujaribu."

"Mtu akibadilisha mkono, uzi hunenepa hapa ukakonda pale, kama mwandiko wa mtoto. Huu umenyooka kama kamba ya chuma. Huyu kazaliwa nao mkono huo. Humu ndani nani wa mashoto?"

Kaka mkubwa, mwalimu wa hesabu, alikuwa mezani akisahihisha madaftari. Akaweka kalamu chini.

"Wa mashoto mimi nawajua kabla hawajakaa," alisema. "Huandika mkono umekunjwa, kama anayeficha majibu. Na katika nyumba hii, kwenye zile karatasi za kazi za mafundi, kuna sahihi moja tu iliyolala kinyumenyume."

"Ya nani?" mama akauliza.

"Ya yule anayekuja kunyonya choo."

Mama akayatazama mabega yake, kwanza la kulia, kisha la kushoto, kama mtu aliyeambiwa ana mdudu.

Kaka akamgeukia binamu. "Wewe uko naye kila siku kule madukani. Kweli au si kweli?"

Mpima macho akamtazama binamu. Jinsi alivyomtazama! Macho yanayopima macho ya watu mchana kutwa, safari hii yalikuwa yanaomba. Neno moja tu: kweli, na ni mtu mwema, nimekula naye. Maneno hayo yangetosha kuifanya sebule iwe ya wawili dhidi ya watatu badala ya mmoja dhidi ya wote.

Binamu akatazama dari. "Mimi mambo ya nyuzi siyajui," akasema.

"Nimelala wiki tatu," mama alisema taratibu, "na mikono ya mtu wa choo mabegani mwangu?"

"Mikono hiyo inaoshwa kuliko yetu sote, mama."

"Sijauliza inaoshwa mara ngapi."

"Ulisema umelala usingizi. Ulisema hujalala hivyo tangu baba afe."

"Usimtaje baba yako katika jambo hili."

"Shangazi," mpima macho akageuka, "wewe umeisifu. Umeisifu kwa kinywa chako."

"Sikanushi. Kazi ni nzuri." Shangazi akavua miwani. "Lakini kazi nzuri si mkwe, mwanangu. Ukoo una masikio. Binti yako kesho ataitwaje shuleni?"

"Sina binti, shangazi."

"Ndiyo maana nakuuliza mapema."

Kaka alikuwa ameshatoa simu. "Shimo limejaa tangu juzi," alisema, kwa sauti ileile ya kutoa mtihani. "Namwita. Akija, mtambulishe mbele ya mama. Kama ni mchumba wako atapita hapa, atakaa kwenye kochi. Kama ni fundi atapita uani. Chagua mwenyewe, tusije tukasemwa kwamba tulikulazimisha."

Ukoo hauui mtu, msomaji. Humpa mtu kisu ukamwambia achague mwenyewe.

Lori lilifika kabla chai haijapoa. Kichochoro kilikuwa chembamba, likaingia kwa kusuasua, na majirani wakafunga madirisha kisha wakayafungua kidogo ili waone. Bomba akatokea mlangoni na mpira mnene begani. Alikuwa amenyoa. Mpima macho aliona ukingo mpya wa nywele kuzunguka masikio, bado mweupe kwa poda ya kinyozi, akajua kwamba amenyoa kwa ajili ya kesho.

"Hodi. Shikamoo, mama," alisema Bomba. "Shikamoo, mama mwingine."

Hakuna aliyesema marahaba.

Bomba akasubiri. Salamu ile ikaning'inia hewani, haina pa kutua. Hakumtazama mpima macho hata kidogo. Alimtunzia siri yake mpaka mwisho, maana kwa hesabu yake siri hiyo ilikuwa na siku moja tu ya kuishi.

"Mwanangu," mama akasema, "kijana huyu unamfahamu?"

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu hupenda kumhukumu. Hakuwa na nia mbaya. Aliona suti ya kahawia. Aliona kesho, Bomba amekaa kwenye kochi, hana mpira, hana gambuti, ananuka sabuni. Alitaka wamwone vile kwanza. Aliona madirisha ya majirani, aliona kalamu ya kaka ikingoja, aliona mama yake bila shali ameanza kutetemeka, akamwona binamu, mtu pekee ambaye angeweza kusimama upande wake, na mtu huyo anasoma simu. Akili ikamwambia: leo pitisha, kesho utasema. Ulimi ukatii.

"Ni fundi wa majitaka," akasema.

Maneno manne tu. Na ubaya wake ni kwamba yote yalikuwa kweli.

Bomba alipepesa mara moja. Mara moja tu, yeye aliyeambiwa asipepese.

"Ndiyo, mama," akamwambia mama, kwa upole. "Ni fundi wa majitaka. Mpira niupitishe wapi?"

"Uani," kaka akajibu. "Zunguka nje."

Mashine ikanguruma karibu saa nzima. Vikombe vilitetemeka kwenye sahani zake. Shangazi, Mungu amsamehe, aliendelea kuupapasa mstari wa kijivu bila kujijua, kama mtu anayebembeleza mtoto wa mwenzake.

Mashine iliponyamaza, kaka alimpa mpima macho karatasi ya kazi. "Mpelekee atie sahihi. Si unajua anavyotia."

Alimkuta Bomba anakunja mpira, anaviringa duara juu ya duara, hafanyi haraka.

"Karatasi," alisema mpima macho.

"Iweke hapo juu ya tairi."

"Nilitaka wakuone kesho. Ukiwa umevaa. Ukiwa umekaa nao."

"Kesho ningekuja mimi huyuhuyu."

"Walinishika ghafla, Bomba. Shangazi aliusoma uzi. Aliusoma kama barua."

Kwa mara ya kwanza Bomba akainua macho. "Aliusoma? Akasemaje?"

"Kasema umenyooka kama kamba ya chuma."

Bomba akatikisa kichwa, na kwenye pembe ya mdomo pakapita kitu ambacho siku nyingine kingekuwa tabasamu. "Basi nimesifiwa."

"Kesho nitawaambia. Ukija na mjomba, mimi nitasimama, nitasema mbele ya wote."

"Sitakuja kesho."

"Bomba."

"Sikiliza. Watu wanahama benchi nikikaa. Miaka kumi na tatu sasa wanahama, na mimi nacheka nao. Sijali. Nilikuwa na sehemu moja tu duniani ambapo mtu hakuhama." Akaichukua karatasi, akatia sahihi, mkono umekunjwa. "Ungesema tu 'ni wangu'. Ningeuacha mpira ukamwaga sebuleni kwenu, na ningelipa mimi zulia."

Mpima macho akacheka na kulia kwa wakati mmoja, akajaribu kumshika mkono. Bomba akaurudisha nyuma, si kwa hasira.

"Acha. Nimetoka kazini," akasema. "Sijanawa."

Kwa miaka miwili hakuwahi kusema hivyo. Alipanda lori akafunga mlango.

Mpima macho aliporudi ndani, mama alikuwa amejikunyata, mikono imevuka kifua. Shali ilikuwa sakafuni mbele ya miguu yake.

"Toa mistari yake," mama alisema. "Bakiza yako."

"Haitoki hivyo, mama. Imefumwa kwa kufuatana. Ukitoa mmoja inaachia yote."

"Basi iachie yote."

"Utasikia baridi."

"Nitasikia baridi yangu."

Mpima macho akakaa sakafuni. Alitafuta ncha, akavuta. Shali ikaanza kurudi nyuma mstari kwa mstari, mstari wa kijivu, mstari wa maziwa, nyuzi zikitoka zimejikunja kama nywele zilizofumuliwa misuko. Shangazi akachuchumaa kando yake, akaanza kuviringa mabonge mawili. "Za kwake huku," alinong'ona, "za kwako huku. Zisichanganyike." Mkono wa mkaguzi haukukosea hata mara moja. Mama alitazama dirishani, meno yakigongana. Kaka akarudi kwenye madaftari yake.

Nje, lori lilikuwa linajaribu kugeuka. Kichochoro hakikulitosha. Lilikwenda mbele hatua mbili, likarudi nyuma hatua mbili, king'ora cha kurudi nyuma kikilia, mtu mmoja ndani yake akizungusha usukani kwa mkono wa kushoto. Mpima macho aliacha kuvuta uzi kila kilipolia, akasikiliza, akaendelea. Miguu yake ilikuwa imefunikwa na nyuzi zilizofumuliwa. Binamu alikuwa hatua tatu kutoka mlangoni, mzima wa afya, na miguu miwili.

Nawe unaye mtu wako. Usiniambie huna. Kuna nyumba unayoijua ambako mtu anavunjwa alasiri hii kwa maswali ya upole, na unamjua yule anayekataliwa, ulikula naye, ulifuta mikono kwenye kitambaa chake. Umejiambia utazungumza na mama yao faraghani, siku nzuri, wakiwa wametulia. Hawatatulia. Wamekwisha kutulia, na hivyo ndivyo wanavyovunja.

Weka hii chini. Usimalize chai. Ingia sebuleni kwao bila kualikwa, useme kwa sauti ambayo majirani wataisikia: huyu namfahamu, ni mtu, mpeni kiti. Wakikuuliza umetumwa na nani, kaa wewe kwenye kochi kwanza, umwite yeye akae kando yako. Halafu toka ukimbie barabarani, upige bodi la lori kwa viganja vyote viwili mpaka lisimame.

Bado linageuka. Nenda.